Taja

Nyumba ya arobaini na moja, siku ya tatu ya sensa,
mtaa wa Oli, Arua, jua limekaa utosini.
Fulana yangu ya serikali inang'aa kuliko mimi.
Kishikwambi kimebaki na chaji asilimia kumi na tisa.

Jina? Drateru. Kazi? Fundi wa visima vya pampu.
Watu wa kaya? Yeye, na mtoto wa marehemu kaka yake.
Paa? Bati. Choo? Cha shimo. Redio? Ilikuwepo.
Majibu yanateleza kama maharagwe sahanini.
Dini?
Sina.

Nikateremsha orodha kwa kidole:
Mkatoliki, Mwanglikana, Mwislamu, Mlokole,
Msabato, Mwothodoksi, Mbahai, ya jadi;
na chini kabisa, kama mgeni aliyechelewa karamuni,
Nyingine, taja.
"Hana" haikuwepo.
Nikaacha wazi. Kishikwambi kikagoma:
sehemu hii lazima ijazwe.

"Basi niandike Nyingine, halafu nitaje: hana dini."
"Ukiandika hivyo," akasema, akifuta grisi kwa tambara,
"Kampala watanihesabu dini. Watanitafutia askofu."

Ng'ambo ya ua wa matete Bi Zamzam alikuwa anapeta mchele.
Hakuinua kichwa.
"Muandike. Kutoamini nako ni kuamini.
Anayeapa kwamba chumba ni kitupu
naye ana lake analoliapia."

"Sijaapa, Bi Zamzam. Nilibisha hodi,
sikusikia mtu, nikaenda zangu kazini.
Asiyefuga mbuzi, mtamwita mfugaji wa nini?"

"Na Jumapili je? Wewe na yule mwalimu wa fizikia
na kijana wa duka la dawa, hapo kibarazani,
vitabu, chai, kubishana mpaka giza,
na kikapu cha mchango mtu akifiwa?
Mimi naona sadaka. Naona jumuiya.
Mmekosa kengele tu."

Drateru akacheka, kisha akaacha kucheka.
Alisema siku ya kumzika kaka yake
padri aliomba, shehe wa upande wa wifi akaomba,
mlokole mmoja ambaye hakualikwa akaomba kuliko wote;
yeye alishika koleo.
"Walinitazama kama niliyekuja bila nguo.
Ingekuwa dini, ningekuwa na neno la kusema pale.
Sikuwa nalo. Nilikuwa na udongo,
na nilijua alivyopenda angara ya mchuzi mzito."

Mchele ukapaa ungoni, ukashuka.

Niliomba maji. Tukaenda kwenye pampu.
Msukumo wa kwanza, hewa. Wa pili, hewa na mkoromo.
"Unaona?" akasema Bi Zamzam, ambaye jina lake lenyewe ni kisima,
"unasukuma kitu usichokiona. Hiyo ni nini?"
"Vali. Niliibadilisha mwenyewe Jumanne."
Wa tano maji yakaja, baridi, yana ladha ya chuma.
"Haya. Wewe ulifungua ukaona.
Mimi sijawahi kushuka humo. Ninayoyanywa kila siku
nayanywa kwa neno lako."
Fundi hakujibu. Alijaza ndoo ya jirani kwanza.

Tuliandika nini? Sitasema. Ni siri ya takwimu;
niliapa, mkono juu ya Biblia,
kwa kuwa ndicho kitabu kilichokuwa mezani
na foleni ilikuwa ndefu.

Ila nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa chumba changu.
Jina. Kazi. Paa. Choo.
Baba yangu katekista, jina langu la ubatizo Onesimo.
Miaka sita sijaingia kanisani ila kwa harusi.
Kidole kilipita juu ya orodha chenyewe,
haraka, kama mdaiwa apitaye mbele ya duka.
Nikabonyeza. Kikakubali mara moja.
Hakikuniambia nitaje.